Picha za Baba Zimekwenda Wapi

4 Februari

Mdogo wangu Kijiti,

Dereva wa lori la mboga ameniambia anapita kambini kwenu kila wiki, na kwamba simu huko ni pambo tu, mtandao haushiki hata mtu akipanda juu ya tangi la maji. Basi nimenunua bahasha. Sijaandika barua tangu nimalize shule, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Sisi tu wazima. Baba macho ndiyo yamekwisha kabisa sasa. Hata ule mwanga wa dirishani aliokuwa akiuona kidogo anasema umezimika. Tulikuwa tumeshaambiwa na daktari kwamba itafika huko, lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kuamka asubuhi ukakuta imetokea ni kingine. Chakula akawa anagusagusa tu. Halafu juzijuzi nilirudi kutoka duka la dawa nikamkuta chumba cha mbele, kwenye studio yake ya picha, amekaa mbele ya kompyuta, mikono ameilaza juu yake kama mtu anayempima mtoto homa. Akaniambia, "Picha zangu zote zimo humu na zimetapakaa. Nisaidie kuzipanga nikiwa bado nazikumbuka."

Ndiyo kazi yetu ya mchana siku hizi. Mimi naeleza ninachokiona, yeye ananiambia ni nani na ilikuwa lini. Nikamwambia, "Mwanamke amesimama kando ya baiskeli, gauni la maua, mkono umefunika mdomo." Akasema, "Mke wa seremala. Anaficha pengo. Nenda inayofuata, hapo nilimchekesha akasahau." Nikabofya. Pengo hilo hapo, na mama wa watu amekenua mpaka macho yamefumba.

Anakula sasa. Tena anadai chumvi.

Shida ni moja. Unanijua mimi na droo zangu, dukani siwezi kuona dawa ya kikohozi imekaa na ya minyoo. Nimetengeneza folda: Harusi, Watoto, Majirani, Kazini, Familia. Sasa shangazi yuko harusini, amebeba mtoto, na ni wa familia. Nikanakili picha hiyohiyo mara tatu, kila folda ipate yake. Nimefanya hivyo kwa karibu kila picha. Kompyuta imekuwa inatembea kama mgonjwa aliyetoka kitandani, na jana imeniandikia kwamba nafasi imejaa. Baba kasema, "Muulize mpima ardhi wetu." Basi nakuuliza.

Dada yako

*

13 Februari

Dada,

Barua yako imenifikia ikiwa na harufu ya vitunguu, na nimeisoma nimesimama palepale kwenye lori. Hapa tunapima mahali litakapokaa bwawa. Mchana natazama ndani ya darubini, jioni natazama maharage. Mwambie Baba nampa shikamoo kubwa, na huyo anayedai chumvi apewe.

Sasa nisikilize. Wewe kwangu ni dada. Kwa Baba ni binti. Dukani ni muuza dawa, na kwa wanangu nitakaowapata, Mungu akipenda, utakuwa shangazi. Je, tunahitaji wewe wanne? Mmoja tu kelele zake zinatosha. Picha nayo ni hivyohivyo. Picha ya shangazi ni moja, iache iwe moja. Kinachoongezeka ni majina ya kuiitia.

Fanya hivi. Picha zote ziwe ndani ya folda moja kubwa ya Baba. Halafu fungua ile programu ya picha niliyomwekea. Nenda kwenye mipangilio, utaona palipoandikwa kwamba inanakili picha kila unapoziingiza. Ondoa alama ya vema iliyo hapo, ili iziache picha pale zilipo na kuzisoma kutoka hapo. Ukishamaliza, ndani ya programu tengeneza albamu: Harusi, Watoto, zote unazotaka. Albamu haibebi picha. Inajua tu picha inakaa wapi, na ukiifungua inakwenda kukuitia. Shangazi anaweza kuwa kwenye albamu kumi na kompyuta isihisi uzito wowote.

Albamu zikikamilika, zile folda zako za nakala futa. Lakini taratibu. Kabla hujafuta, hakikisha picha ipo kwenye folda kubwa. Ukishamwaga kapu la takataka, kompyuta haina huruma.

Nimekumbuka jambo. Filamu za zamani si ndizo zilizoharibiwa na maji siku ile paa lilipovuja? Basi zile Baba alizozipitisha kwenye mashine na kuziingiza humo hazina mahali pengine duniani. Ndiyo maana nasema taratibu.

Mdogo wako,
Kijiti

*

24 Februari

Kijiti,

Wewe ungekuwa mwalimu, hilo bwawa wangejenga wengine. Nimekuelewa. Nilimsomea Baba pale pa wewe wanne akacheka mpaka akakohoa, na tangu hapo kila nikimwita ananijibu, "Nani anayeniita, binti au muuza dawa?"

Albamu zimekamilika. Picha moja ya mazishi ya babu nimeiweka kwenye Familia na kwenye Majirani, na nikaangalia nafasi: haikupungua hata chembe. Nilijisikia kama nimemdanganya mtu.

Mkunga amekuja, yule aliyetuzalisha sote wawili. Anastaafu katikati ya Aprili na wenzake zahanati wanamwandalia kuagwa. Anasema siku yake ya kwanza kazini Baba alimpiga picha mlangoni, amevaa sare iliyomzidi, na picha yake mwenyewe iliungua nyumba ilipowaka. Akauliza kama tunayo. Baba hata hakufikiri. "Ipo. Sare ilikufika kwenye vifundo, na nyuma yako kuna ndoo imepinduka." Mkunga akatoa leso. Ndoo alikuwa ameisahau.

Nimemwahidi nitamtolea nakala kubwa. Kesho nafuta zile folda, halafu naanza kumtafutia.

Dada yako

*

9 Machi

Kijiti,

Nimepata barua zako. Huku tupo. Baba yupo, amelala sasa hivi. Kazi dukani nyingi kidogo.

Usihangaike kutafuta mahali pa kupigia simu. Kukiwa na jambo nitakuandikia mwenyewe. Uliniuliza likizo yako uje lini. Kwa sasa tungoje kwanza.

Jitunze.

Dada yako

*

16 Machi

Dada,

Barua yako imeingia kwenye nusu ukurasa. Wewe, ambaye huwezi kueleza bei ya sabuni bila kuanzia na ukoo wa mwenye duka.

"Baba yupo." Yupo vipi? Watu wazima huandikiana hivyo wakiwa wanaficha mgonjwa. Hukunipa salamu zake, hukuniambia alichosema, hata kama anakula hukusema. Picha ndiyo kabisa, hukuzitaja. Nimemuuliza dereva, naye anasema bahasha alipewa mlangoni na wewe ulikuwa na macho mekundu.

Dada, kama Baba ni mgonjwa sana, niambie. Kama ni zaidi ya hapo, niambie pia, usiningojeshe likizo. Nimeshazungumza na msimamizi. Begi langu liko tayari chini ya kitanda. Nangoja neno lako moja tu, na lori hili likirudi bila hilo neno, lijalo nitapanda mimi.

Kijiti

*

18 Machi

Mwanangu,

Mwandiko ni wa mkunga, amepita kunipima presha. Maneno ni yangu. Hapa anacheka, usimjali.

Nina jambo la dada yako. Kila mchana tunakaa studio kama kawaida, ananieleza picha, namwambia ni ya nani. Lakini mashine haijawashwa. Mimi yaliyokwenda ni macho, masikio yapo. Kompyuta ile huunguruma kama paka aliyeshiba, na hutoa joto linalonifika magotini. Sasa ni baridi tupu. Yeye anabofya, tk, tk, halafu anaanza: huyu hapa fundi viatu, huyu hapa shangazi. Anatazama kioo cheusi na kunisomea kutoka kichwani.

Mara ya kwanza nilitaka kumuuliza. Kabla sijafungua mdomo akaanza kunieleza ile ya marehemu mama yenu anaanika nguo. Akasema upepo umeinua shuka limemfunika uso, na chini yake vidole vya miguu vimejikunja, ndivyo unavyojua kwamba anacheka. Mwanangu, picha ile niliipiga mimi, nikaisafisha mimi, ikakaa ukutani kwangu miaka. Vidole sikuwahi kuviona. Nikafunga mdomo nikaendelea kusikiliza.

Sijui kilichoharibika. Simuulizi, kwa sababu nikimuuliza itabidi aseme, akisema atalia, nami nitakuwa napapasa hewani sijui alipo nimshike. Wewe unaijua mashine. Kama kinatengenezeka, mtengenezee. Kama hakitengenezeki, niambie mimi kwanza, nitafute namna ya kumwambia kwamba si kitu.

Mimi ni mzima. Nakula. Chumvi wananibania.

Baba yako

Mimi mwandishi naongeza: presha yake ni nzuri kuliko yangu. Na picha yangu isimnyime mtu usingizi, nimeishi bila hiyo muda mrefu.

*

20 Machi

Kijiti wangu,

Nisamehe kwa hofu niliyokutia. Baba hajambo, haumwi popote. Nilikaa na barua yako mapajani nikajiona mjinga wa mwisho, kwa sababu nilichokuficha si ugonjwa. Ni picha.

Zimekwenda. Zote.

Siku ile nilifanya kama ulivyosema. Nilifungua folda ya Harusi, nikalinganisha na folda kubwa, picha moja moja mpaka shingo ikakauka. Nikafuta Harusi. Nikaja Watoto, nikafuta, mpaka zote tano. Nikamwaga kapu. Kompyuta ikawa nyepesi, nikafurahi, nikaanza kufanya usafi wa juujuu. Ile folda kubwa Baba alikuwa ameiacha inaitwa Folda Mpya 7, nikaona ni aibu kazi ya maisha ya mtu kuitwa hivyo, nikaipa jina la heshima, Kazi za Mpiga Picha. Nikapanga rangi za skrini. Halafu nikamwita Baba tuanze.

Nikafungua albamu ya Harusi. Miraba ya kijivu. Kila mmoja na alama ya mshangao katikati, safu baada ya safu. Nikafungua Watoto, hivyohivyo. Familia, hivyohivyo. Mama hayupo. Baba amekaa pembeni yangu ananiuliza, "Ya kwanza ni nani?" Mdomo wangu ukasema, "Ni fundi viatu, amekaa kizingitini." Ilikuwa ya kwanza siku zote, ninaijua. Akaanza kunisimulia habari za fundi viatu, na mimi ninatazama mraba wa kijivu machozi yananitoka kimyakimya.

Sikuthubutu kufungua kitu kingine; jioni ile nilikwenda kwa fundi kompyuta wa karibu na stendi. Akasema kama nimefuta na kapu nimemwaga, nisiiwashe tena kabisa, maana kila ikiwashwa inaweza kuandika juu ya vilivyofutwa, na hata yeye hawezi kuahidi kitu. Basi nikaichomoa ukutani. Tangu hapo Baba anakaa, mimi nakaa, nabofya kipanya cha mashine iliyokufa na kumweleza ninazozikumbuka. Zinaniishia, Kijiti. Jana nilirudia ya mke wa seremala, nikasema tu labda alipigwa mara mbili. Baba akasema, "Huenda."

Amepoteza macho, na mimi nimempotezea alichokiona nayo. Mkunga nimemkwepa njiani, nimeingia duka la misumari nikanunua misumari ambayo sina kazi nayo.

Usije kwa ajili ya ugonjwa. Ila kama kuna kitu mtu anaweza kufanya, niambie.

Dada yako

*

27 Machi

Dada,

Lori limeniletea barua mbili kwa pamoja, yako na nyingine ambayo nitakueleza tukionana. Yako nimeisoma nimekaa juu ya magunia ya vitunguu. Nilipofika pale pa "haumwi popote", sikuendelea. Nilibaki nimekaa. Dereva akaniuliza kama kuna msiba, nikamwambia hapana, hakuna, ndiyo maana. Kwa juma zima nilikuwa nimeshamzika Baba kichwani, nimeshachagua hata shati. Kwa hiyo ujue kwamba hata kama picha zimepotea kweli, mimi leo ni mtu mwenye bahati.

Lakini sidhani kama zimepotea.

Soma tena ulichoniandikia. Ulilinganisha, ukafuta nakala, kompyuta ikawa sawa. Halafu ukaipa folda kubwa jina jipya. Dada, albamu haibebi picha, inajua tu zinakokaa. Iliambiwa: picha ziko Folda Mpya 7. Wewe ukabadilisha jina. Albamu ikaenda kugonga Folda Mpya 7, ikakuta hakuna nyumba ya jina hilo, ikarudi mikono mitupu ikakuchorea mraba wa kijivu. Ule mraba hausemi picha imekufa. Unasema nimekwenda sikumkuta.

Kosa ni langu. Nilikueleza albamu inavyokaa, sikukwambia kwamba ukishaziunganisha na folda, jina la folda huligusi. Na fundi wa stendi alisema kweli kwa alichoambiwa. Ulimwambia umefuta picha, akakujibu kwa picha zilizofutwa.

Sasa chomeka, washa. Programu ya picha usiifungue. Ingia moja kwa moja kwenye Kazi za Mpiga Picha. Kama picha zimo, irudishie jina lake la aibu, herufi kwa herufi, namba kwa namba. Ndipo ufungue albamu.

Sijaiona kwa macho, siwezi kuapa. Lakini begi langu nimelifungua nikarudisha nguo kwenye kamba.

Jambo jingine. Kabla hujawasha, mwambie Baba. Yote, tangu miraba mpaka misumari. Usiniulize kwa nini, mwambie tu.

Na likizo yangu nakuja nayo mwisho wa Aprili, na diski ya pembeni mkononi. Nakala moja ya akiba, ikae kabatini mbali na kompyuta, hiyo si kurudufu ovyo. Hiyo ndiyo tungekuwa nayo tangu zamani.

Kijiti

*

3 Aprili

Kijiti,

Nimeipokea barua yako dukani, mteja ananidai vidonge vya kichwa. Nikampa, nikafunga dirisha, nikarudi nyumbani saa ambayo sirudi.

Baba alikuwa ameshakaa studio. Nikasimama mlangoni nikamwambia, "Baba, nina jambo." Akasema, "Kaa." Nikakaa. Nikamwambia yote. Nilidhani nitalia, lakini maneno yalitoka makavu, kama ninamsomea mtu maelekezo ya dozi. Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akapata bega langu.

"Najua haijawashwa," akasema. "Tangu siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unaeleza vizuri."

Sikujua nicheke au nikasirike. Nikamuuliza, "Na mke wa seremala niliyemrudia?" Akasema, "Mara ya pili ulimvalisha gauni jingine. Nikaona amependeza." Hapo ndipo nililia, na yeye bega hakuliachia.

Halafu nikachomeka. Mngurumo ulipoanza Baba aliinamisha kichwa akausikiliza kama mtu anayesikia hatua za mgeni. Mkono wangu ulikuwa umelowa, kipanya kinateleza. Nikafungua folda. Kijiti, zimo. Fundi viatu yumo kizingitini. Shangazi yumo, mmoja, na mtoto wake. Nikashuka chini, chini, chini, hazikwishi. Baba akangoja, akangoja, mwisho akauliza, "Basi?" Nikamwambia, "Zipo." Akaegemea kiti, akashusha pumzi ndefu, sikujua kifua chake kinabeba pumzi nyingi kiasi hicho. Akasema, "Mimi nilishaanza kuzoea." Lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kuipapasa skrini, nikaushika.

Nikairudishia Folda Mpya 7. Nikafungua albamu. Kijivu kikaondoka mraba mmoja baada ya mwingine, nyuso zikajaa skrini. Nikamsomea zote kwa haraka, bila mpangilio, yeye anataja majina tu. Mama tulimwacha mwisho. Akaniuliza kuhusu vidole vya miguu. Nikavitazama. Vimejikunja kweli, sikuvitunga.

Mkunga amepata picha yake. Nilimpelekea zahanati mwenyewe, kubwa, ndani ya fremu. Akaitazama. Nilidhani atasema kitu kuhusu ujana. Akasema, "Ile sare walinikata kwenye mshahara," akaibeba kifuani akaingia nayo wodini kuwaonyesha wazazi. Atakapoagwa, Baba amealikwa kukaa mbele. Ameshaulizia koti lake.

Jana usingizi ulinichukua mchana kweupe, kwenye kiti cha studio, mbele ya skrini inayowaka. Nilipoamka Baba alikuwa bado amekaa pale, ananingoja bila kelele.

"Tuendelee?" akauliza.

Tukaendelea. Tukafika kwenye moja ambayo hata mimi sikuielewa. Nikaikuza, nikaigeuza. Nikamwambia, "Baba, hii sioni kitu. Ni ukungu mtupu. Huenda ni ukuta, huenda ni mgongo wa mtu."

Akafikiri. Akaniuliza kuna mwanga upande gani. Nikamwambia hakuna upande. Akatikisa kichwa.

"Hiyo nilikosea," akasema. "Futa."

Nikamuuliza kama ana hakika. Nikamuuliza tena. Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na nikaifuta.

Dada yako